Amplifaya ya Baba Mkwe

Jumapili, 7 Septemba

Nimejitolea. Nani alinituma? Hakuna.

Tulikuwa Subukia kwa baba mkwe, Mzee Kiptanui. Kikao cha familia. Jumamosi wageni wanatoka Gilgil kuleta posa ya Cheruto, kitinda mimba wa nyumba ile na mdogo wa mke wangu Jepleting. Mambo ya chakula yakaisha. Mambo ya hema yakaisha. Ndipo Mzee akatoa kaseti mfukoni mwa koti, imefungwa kwa kitambaa. Ni sauti ya marehemu mkewe, Mama Jeruto, akiimba na akina mama wa kanisa miaka ile. Hakuna nakala nyingine. Sally, binti mkubwa, aliwahi kuomba aiingize kwenye simu, Mzee akakataa, akasema sauti ya mkewe si ya kutumiana kama vichekesho. Leo akasema Cheruto hatatoka kwake kabla mama yake hajamwimbia mbele ya wageni.

Tukatazamana: spika tutatoa wapi?

Aliyejibu kwanza ni Makhanu, mume wa Sally. Fundi wa mitambo kule Olkaria. Ana buti zenye chuma mbele na huzivaa hata kwenye vikao. Akasema Mzee asijali, atakodi spika za kisasa mjini Nakuru. Watu wakaanza kumtazama kwa shukrani. Yeye tena! Tangi la maji, yeye. Jenereta ya Krismasi, yeye. Mimi huwa naombwa kusogeza viti.

Nikajikuta nimesimama. Nikasema sauti ya Mama haiwezi kupita kwenye spika za kukodi zilizopigia walevi muziki wiki nzima. Itapita kwenye amplifaya ya Mzee mwenyewe, ile aliyoinunua akifanya kazi kiwanda cha pareto, ile aliyotuachia tuitunze nyumbani kwetu Nakuru. Nitaifufua kwa mikono yangu. Nitaiongeza nguvu. Nitaitia na bluetooth.

Mzee alinishika mkono na hakuuachilia upesi. Macho yake yalikuwa na maji.

Makhanu akauliza kama nimewahi kushika chuma cha kulehemu. Nikamjibu kwamba kuna watu wa kuongea na kuna watu wa kufanya. Jepleting alinikanyaga mguu chini ya meza.

Sijawahi kushika chuma cha kulehemu.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimeomba ruhusa kazini. Nauza mbegu na dawa za mifugo karibu na soko, na bosi alikubali haraka kuliko nilivyotarajia. Inauma kidogo.

Jepleting alipoenda shuleni kufundisha, niliiweka amplifaya juu ya meza ya chakula. Mashine nzuri, haki. Mbao ubavuni, vifundo vya fedha, na mishale miwili nyuma ya kioo inayocheza sauti inapopanda. Mzee huwa anaisimulia kila Krismasi: jinsi alivyoibeba begani kutoka barabarani mpaka nyumbani, mvua inanyesha, akaivulia koti lake.

Nimeiwasha. Spika ya kushoto, bubu. Ya kulia, nyuki.

Nimeifungua. Vumbi, buibui, mjusi mkavu. Nimetazama video nyingi za watu wanaorekebisha amplifaya kuukuu. Wote wanasema kitu kimoja: kapasita huzeeka, zibadilishe. Hizi ni vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme. Rahisi! Kutoa kikopo, kuweka kikopo.

Nikashuka mjini kwa mafundi wa redio. Mpya ni ghali. Nimechukua zilizotolewa kwenye televisheni iliyokufa. Muuzaji aliniuliza, boss, unataka za volti ngapi? Nikamwambia anipe kubwa. Alinitazama kwa muda. Watu wa mji huu hawajazoea mteja anayejua anachotaka.

Mzee amepiga simu jioni kumuuliza Jepleting mgonjwa anaendeleaje. Ndivyo anavyoiita amplifaya. Mgonjwa.

Jumanne, 9 Septemba

Vidole vimeungua, mwandiko mbaya nisamehewe.

Asubuhi nililehemu kapasita ya kwanza. Nikajichoma kidole. Nikalehemu ya pili. Nikajichoma kingine. Kazi ilikuwa safi kwa macho. Nikachomeka waya ukutani, nikawasha, nikasogeza uso karibu nisikie kama nyuki wameondoka.

Walikuwa wameondoka. Kukawa kimya kizuri. Kisha pakatoka mluzi mwembamba, kama birika linalotaka kuchemka. Nikainama kuokota bisibisi iliyoanguka.

PAAA!

Kama bunduki! Kama nisingeinama! Chumba kilijaa moshi na vipande vya karatasi vilivyoelea kama theluji, vikatua juu ya picha yetu ya harusi. Nje watoto wakapiga mayowe. Mama Trizah, mwenye nyumba, anakaa chini yetu. Alipanda ngazi na rungu mkononi akiuliza nani amepigwa risasi. Nilimwambia kupitia ufa wa mlango kwamba ni sufuria ya presha. Akauliza napika nini chenye harufu ya nywele. Nikasema samaki.

Baada ya hapo nilisoma kwamba kapasita ina upande wa chanya na upande wa hasi. Video ilisema hivyo mwishoni kabisa. Kwa nini mtu aweke jambo kama hilo mwishoni?

Nusu ya bodi imeungua. Ni nyeusi kama chungu.

Jepleting alirudi, akavuta pumzi mlangoni. Nikamwambia samaki. Akauliza samaki yuko wapi. Nikasema paka amemla. Hatuna paka. Alichukua kipande cha karatasi kwenye nywele zangu, akakitazama, akakiweka juu ya meza mbele yangu, akaenda kusahihisha madaftari.

Simu ya Mzee ililia. Nikajibu mimi. Nikasema mgonjwa amepiga chafya kubwa leo, dalili ya kupona.

Jumatano, 10 Septemba

Leo nimezaliwa upya!

Nilienda tena mjini na roho ikiwa imekauka. Dukani nikaona bodi ndogo ya Kichina, saizi ya kiganja. Bluetooth ndani. Sauti kubwa. Muuzaji akaiunga na spika na vioo vya duka vikatetemeka. Nikasimama pale nikiwaza. Sanduku la Mzee ni lile lile. Mbao ni zile zile. Nani huangalia matumbo ya mashine?

Shida moja: pesa za kununua sikuwa nazo. Lakini amplifaya ya zamani ina transfoma kubwa, shaba tupu. Nikarudi nyumbani, nikatoa kila kitu. Transfoma, bodi, nyaya, yote. Mtu wa vyuma chakavu aliyekuwa anapita na mkokoteni alifurahi sana. Alinipa karibu bei ya bodi. Nikaongeza za nauli, nikaenda kuinunua.

Saa hii inaimba! Simu mfukoni, muziki kwenye spika, bila waya! Nimecheza peke yangu sebuleni.

Mishale miwili haichezi tena, kwa sababu hakuna kinachoisukuma. Nimeigandisha katikati kwa gundi. Inaonekana imetulia, kama mtu aliyeshiba.

Mchana huohuo hodi! Makhanu. Alikuwa anapita kutoka Olkaria, eti ameniletea kipimo cha umeme nikihitaji. Nikasimama mlangoni nimeujaza wote. Alichungulia kushoto, nikaenda kushoto. Akachungulia kulia, nikaenda kulia. Akaniambia taratibu, ndugu yangu, kama kuna shida sema sasa, Jumamosi si ya kujaribia. Mtego! Nilimwambia asante, na kwamba mimi nilimaliza jana.

Alisema ile kaseti ni moja tu. Nikasema najua kuhesabu.

Nilipofunga mlango nilikaa chini kidogo. Alikuwa na uso wa huruma. Huo ndio uso wake mbaya kuliko yote.

Alhamisi, 11 Septemba

Balaa.

Jepleting alitaka kufuta vumbi. Akaikamata amplifaya kwa nguvu alizozoea, ikapaa! Karibu aitupe darini. Akabaki ameishika juu ya kichwa kama bahasha. Akauliza uzito umeenda wapi.

Nikamweleza kwamba umeme wa siku hizi ni mwepesi.

Aliishusha. Akasema baba yake ameibeba ile mashine begani, anaujua uzito wake kama anavyoujua wa watoto wake. Akasema, "Kosgei, sitakuuliza umefanya nini. Lakini mama yangu ni mmoja na sauti yake ni moja. Ukiipoteza, usirudi na mimi Nakuru."

Sijawahi kumsikia akiongea polepole hivyo.

Nilitembea mjini nikitafuta uzito. Mawe? Yatagonga. Mchanga? Utamwagika. Nikaingia kazini kuwasalimu tu, na macho yakatua kwenye rafu ya chini. Jiwe la chumvi ya ng'ombe! La mraba, zito, lina tundu katikati la kupitishia kamba. Nimeyauza miaka yote hii nisijue thamani yake. Nimemwambia bosi nalipeleka kwa mteja aone mfano.

Limeingia ndani kana kwamba lilitengenezewa hapo. Mfuko wake wa plastiki ulizuia kifuniko kufunga, nikautupa. Nimepima mikononi. Uzito wa Mzee kabisa!

Akili ninayo. Watu hawanipi nafasi tu.

Ijumaa, 12 Septemba

Subukia. Naandika nikiwa nimejificha nyuma ya stoo.

Tulipofika, Mzee alikuja mwenyewe kuipokea. Alikataa kusaidiwa. Akainama, akaweka mikono chini yake. Akainyanyua. Akatulia. Akanitazama.

Akasema imenenepa.

Nikacheka. Nilicheka peke yangu, kwa muda mrefu kupita kiasi. Mzee naye akatabasamu, akasema nyumba yenu inalisha vizuri. Kisha akaona mishale. Nikamwambia imepumzika, inangoja siku yenyewe.

Niliomba tujaribu kaseti. Deki yake ya kaseti iko hapa, ameifuta mpaka inang'aa, na sijawahi kuiunga na bodi ile. Mzee akakataa. Akasema mama yao hakuwa mtu wa mazoezi, ataimba wageni wakishaketi. Nikasihi. Nikasema dakika moja tu. Akaninyamazisha kwa kiganja.

Kwa hiyo hakuna aliyejaribu. Hakuna anayejua. Mimi ndiye sijui zaidi ya wote.

Makhanu ameegemea nguzo ya hema akiangalia mawingu upande wa milimani. Amplifaya imewekwa stoo, karibu na banda la ndama, nimeifunika gunia. Mvua inaanza.

Jumamosi, 13 Septemba

Niandike haraka kabla sijaitwa tena.

Asubuhi gunia lilikuwa limelowa. Nikafuta sanduku kwa shati langu. Chini yake meza ilikuwa na maji. Nikaonja kidole. Chumvi. Nikajiambia ni jasho langu, nikaibeba hadi hemani, nikaiunga na spika na deki.

Wageni wakaja na gari moja kuukuu la kubebea mizigo na wengine nyuma yake. Bwana harusi mtarajiwa, Kiplimo, amejaa suti. Baba yake, Mzee Kibii, mfugaji wa Gilgil, mrefu, kofia haimtoki. Mazungumzo yakaenda vizuri. Nikacheza muziki wa simu kupitia bluetooth, na wageni wakatikisa vichwa. Sally akaniambia kumbe unaweza. Makhanu akanipa mkono! Nilikuwa mtu kwa muda wa nyimbo nne hivi.

Kisha Mzee Kiptanui akasimama. Akavua kofia. Akasema kuna mwenye nyumba mmoja hajaongea. Akafungua kitambaa, akaweka kaseti kwenye deki kwa mikono yake, akabonyeza.

Mvumo. Kisha mtu akavuta pumzi. Mwanamke. Ile pumzi ya kabla ya kuimba. Jepleting alijishika mdomo.

Halafu tsssss. Kama mafuta kwenye kikaango. Moshi mwembamba ukapanda kati ya vifundo vya fedha, na sauti ikafa.

Nikarukia nyuma ya meza kuvuta waya. Na nani niliyemkuta pale? Ndama! Ametoka bandani, amepiga magoti ya mbele kama anayesali, analamba amplifaya kwa ulimi wote. Nikamsukuma. Hakusukumika. Nikamvuta sikio. Akang'ata kitambaa cha meza na kurudi nyuma. Kitambaa kikaja. Amplifaya ikaja. Ikaanguka kwa pembe, kifuniko kikaruka, na jiwe la chumvi likatoka, likabingirika taratibu mbele ya hema, likasimama kwenye viatu vya Mzee Kibii.

Aliliinua. Akaligeuza. Akalinusa. Akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia, "Hii ni chumvi ya ng'ombe."

Hakuna aliyecheka. Ningelipa wacheke.

Mzee Kiptanui aliangalia ndani ya sanduku. Kile kibodi kidogo kimeungua, gundi kwenye mishale, hakuna kingine. Aliangalia kwa muda mrefu, kama mtu anayeangalia ndani ya kisima. Kisha akasema, "Kaseti?"

Kaseti! Deki ilikuwa bado inazunguka na utepe ulikuwa unatoka nje, umejikunja kama tambi. Nikanyoosha mkono. Mzee akasema nisiguse. Hakupaza sauti.

Makhanu alipiga magoti kwenye tope na suruali yake nzuri. Akazima deki. Akautoa utepe kidogo kidogo, akaulaza kwenye kiganja, akaomba kalamu, akaanza kuuzungusha kurudi ndani. Cheruto alisimama nyuma yake ameshika bega la dada yake. Utepe ulikuwa umekunjamana lakini haukukatika.

Haukukatika. Naandika tena. Haukukatika.

Lakini tungeuchezea wapi? Ndipo Mzee Kibii akakohoa. Akasema lile gari lake ni la zamani, watoto wanamcheka, lakini redio yake bado inakula kaseti.

Wakafungua milango yote miwili. Wenyeji na wageni wakalizunguka, wazee mbele, akina mama wamepanda hata nyuma. Mzee Kiptanui akaketi kiti cha dereva, na Cheruto kando yake.

Mama Jeruto akaimba. Sauti ilikuwa ndogo, imepondwa pale utepe ulipokunjika, lakini ni yeye. Akina mama wa kanisa waliobaki wakaanza kumwitikia palepale, wamesimama kwenye nyasi. Katikati ya wimbo mtoto mchanga akaanza kulia ndani ya kaseti. Alilia sana. Mama akaacha kuimba, wenzake wakaendelea, na tukamsikia akinong'ona karibu kabisa: "Nyamaza, Cheruto. Niko hapa. Namaliza tu."

Hakuna aliyekumbuka kwamba hilo lilikuwamo. Hata Mzee.

Cheruto aliweka kichwa juu ya dashibodi ya gari la watu wa kwao wapya. Mzee akamshika mgongo. Mzee Kibii alivua kofia, na chini ya kofia ana kipara. Mimi nililia nyuma ya hema. Ndama alikuja kunilamba mikono.

Baadaye Mzee aliniita stoo. Akauliza matumbo ya mashine yako wapi. Nikasema kwa mtu wa vyuma chakavu. Akakaa juu ya debe. Akasema kama angejua imekufa asingelia, kila kitu hufa, ila nilimbebesha chumvi nikimtazama usoni. Mwishowe akasimama, akanishika bega.

"Nilikupa binti yangu pia, Kosgei. Nashukuru Mungu yeye hujamfungua."

Jumapili, 14 Septemba

Tumerudi Nakuru. Jepleting alisema nirudi naye, lakini nikae kiti cha nyuma. Sanduku tupu nimelipakata njia nzima.

Posa imekubaliwa. Makhanu hakunicheka. Wakati wa kuondoka aliniambia nikipata tena jambo kama hilo nimpigie simu kabla, si baada. Nilitamani anicheke.

Nimewaza kanisani leo kuliko nilivyosali. Nimeona wazi: mimi ni mtu wa kiburi. Nilitaka kushukuriwa, nikamwekea mzee wa watu chumvi. Basi. Nimemwambia Jepleting mbele ya sahani ya chakula kwamba sitagusa tena kitu chochote chenye waya, cha kwetu wala cha mtu. Nimeapa. Ameniangalia muda mrefu, akaniongezea mboga. Hiyo ni mara ya kwanza tangu Jumanne.

Nina amani. Ni jambo jema mtu kujifahamu.

Alhamisi, 18 Septemba

Mama Trizah amenisimamisha kwenye ngazi. Habari za Subukia hazijamfikia. Amenunua mashine ya kuangulia vifaranga, ya mtumba, na anasema upande mmoja una joto na mwingine baridi. Fundi aliyemwita anataka aletewe kipuri kutoka Nairobi, wiki mbili. Mayai yamo ndani tayari, trei zimejaa, ni ya kikundi chao cha akina mama, wamechanga mwaka mzima.

Nilichungulia tu. Kuchungulia si kugusa.

Lakini jamani! Kitu chenyewe ni sanduku, balbu na feni. Hakuna kaseti, hakuna ndama. Tatizo la amplifaya lilikuwa unyevu, na hapa unyevu unatakiwa! Kipuri cha Nairobi cha nini? Pasi ya zamani ya Jepleting ina waya wa joto mzuri sana na haitumii siku hizi.

Nimemwambia Mama Trizah asimlipe yule fundi. Amenishika mkono kwa mikono yote miwili, akaniita mwanangu. Jepleting nimemwambia naenda kujifunza Biblia.

Mama Trizah ameuliza kama atoe mayai kwanza. Nikamwambia ayaache humo humo. Tutajuaje kama imepona?